Kuifundisha Kompyuta Kutambua Matusi

Wengi wetu tukitoka maabara jioni huingia kwenye gemu za intaneti kujiliwaza. Dada mmoja wa jumuiya yetu aliwahi kuwasha maikrofoni awaelekeze wenzake wa timu. Waliposikia tu lafudhi yake, wakaanza kumtukana kwa rangi yake na uanamke wake. Siku hizi anacheza kimya, na timu yake inafungwa kwa kukosa maelekezo. Je, kompyuta inaweza kumsaidia?

Tuangalie mfano wa League of Legends, gemu ya kampuni ya Riot Games iliyotoka mwaka 2009. Mwaka 2011 kampuni ilianzisha baraza lililoitwa Tribunal. Mchezaji akishtakiwa, wenzake walisoma aliyoyaandika, kisha wakapiga kura aadhibiwe au asamehewe. Zilipigwa kura zaidi ya milioni 100, na hizo ndizo zilizotumika baadaye kuifundisha kompyuta.

Inafundishwaje? Kuipa orodha ya maneno mabaya hakutoshi. Inapewa maelfu ya sentensi, kila moja na hukumu yake, itafute yenyewe maneno gani yakikaa pamoja huwa tusi. Halafu inapimwa kwa sentensi ambazo haijawahi kuziona. Jibu lake ni uwezekano, tuseme 0.9, na binadamu ndiye anayepanga adhabu ianzie wapi. Ukipanga chini mno, wasio na hatia wanafungiwa. Ukipanga juu mno, watukanaji wanapeta.

Matokeo si haba. Mwaka 2015 Jeffrey Lin, aliyeongoza kazi hiyo, aliandika kuwa matusi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na kwamba asilimia 91.6 ya waliokosea hawakurudia baada ya adhabu moja.

Sasa tuje kwetu. Chukua neno "shoga". Kwa akina mama wa Unguja na Mombasa ni rafiki wa kike, na "shoga yangu, hujambo?" ni salamu ya mapenzi. Mwanaume akiitwa hivyo kijiweni, hapo ni ugomvi. Mashine iliyofundishwa na mtu asiyejua Kiswahili itamfungia dada anayesalimia, na itampitisha jamaa anayetukana kwa mafumbo. Mashine haina busara yake yenyewe, inaiga ya waliohukumu.

Kwa hiyo kazi ni yetu tunaosomea fani hizi. Tukusanye sentensi za Kiswahili, na kila moja ihukumiwe na watu wasiopungua watatu wa sehemu tofauti, mathalani Mombasa, Mwanza na Bujumbura. Wakitofautiana, tuandike hivyo hivyo, maana hapo mashine haitakiwi kuharakisha adhabu.

Anayependa kazi hii aje tuanze. Dada yetu ameshakubali kuwa hakimu wa kwanza. Tukutane toleo lijalo, Inshallah.