Linda Mapafu Yako Unapofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzani
Mtu mnene kupita kiasi anapolala chali, mafuta ya tumbo hubana mapafu, na sehemu za chini hukosa hewa. Dawa ya usingizi na maumivu ya kidonda huzidisha hali hiyo.

Kabla ya upasuaji: Acha sigara angalau wiki 4 mapema. Mweleze daktari iwapo unakoroma sana au pumzi hukatika usingizini.

Baada ya upasuaji: Lala ukiwa umeinuliwa kichwa na kifua. Vuta pumzi ndefu mara kwa mara. Muuguzi akikuruhusu, tembea siku hiyo hiyo. Kutembea husaidia kuzuia damu kuganda miguuni. Donge la damu likifika mapafuni laweza kuua, hata baada ya kurudi nyumbani.

Ukiishiwa pumzi ghafla, kifua kikiuma au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitalini mara moja. Usingoje siku ya kliniki.