Unamwogopa Mungu au Majirani?

*Shangazi, naishi Langas hapa Eldoret. Kabla ya kuokoka nilikuwa mpika chang'aa, na wanaume wengi wa mtaa walimalizia mshahara kwangu. Sasa nauza mitumba na namshukuru Mungu. Akina mama kanisani wamenichagua kuwa mweka hazina, nimekataa kwa sababu sistahili. Hata zamu yangu ya kufagia kanisa ikifika humlipa kijana shilingi mia mbili, maana wanawake wa mtaa hupita hapo wakienda sokoni. Je, nihamie kanisa la mjini nisikojulikana?*
*— Asiyestahili, Langas*

Dada yangu, kuhama usihame. Kilichonisimamisha katika barua yako ni zile shilingi mia mbili. Mungu anajua kila mtungi uliopika, wala hangoji uinamie ufagio ndipo akumbuke. Watakaokumbuka ni wake wa waliokuwa wateja wako. Kwa hiyo hilo neno "sistahili" unamwambia Mungu, lakini unachokwepa ni macho ya wanawake hao. Anayejiona mdogo kwelikweli hukataa cheo akakimbilia ufagio. Wewe umekataa cheo, na ufagio pia umemkabidhi mtoto wa watu. Huo si unyenyekevu, ni aibu, na aibu ukiivika nguo za ibada itakukalia maisha yako yote.

Sisemi kwamba unastahili. Hustahili, na hakuna aliyewahi kustahili. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa yeye ni mdogo kuliko mitume wote, hafai hata kuitwa mtume, kwa sababu alilitesa kanisa. Lakini papo hapo, bila kupumua, akaongeza kwamba amefanya kazi kuwapita wote, kwa neema ya Mungu. Kwake kutostahili kulikuwa sababu ya kujituma, maana aliyesamehewa deni kubwa hukosa raha akikaa bure. Shukrani isiyofika mikononi huishia midomoni. Tena Paulo hakujificha kule asikojulikana. Alikwenda Yerusalemu, kwa watu wale wale waliomwogopa, wasiamini kwamba amekuwa mwanafunzi, hadi Barnaba alipomchukua na kumpeleka kwa mitume.

Na wala si mambo ya kale tu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda na kufika huku kwetu Kenya, ulibebwa na watu wa kawaida waliosimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina. Walirudisha walivyoiba, wakawaendea waliowakosea wakaomba radhi. Baada ya hapo walihubiri vijijini, na watu waliowasikiliza walikuwa wanajua vizuri walivyokuwa jana. Kujulikana huko ndiko kulikoupa ushuhuda wao nguvu. Kanisani mjini, dada, utakuwa mgeni mwenye adabu. Langas wewe ni ushahidi.

Utaniambia kanisa litadharauliwa likimpa mpika pombe mfuko wa pesa. Hoja hiyo ina uzito, na Paulo huyo huyo alimwandikia Timotheo kuwa msimamizi wa kanisa awe na sifa njema hata kwa walio nje. Lakini sifa hiyo utaipata wapi, kama hao walio nje ukiwaona unajificha? Miongoni mwao yumo mama ambaye karo ya watoto wake iliishia kwenye glasi zako. Mtafute mzee mmoja wa akina mama, awe Barnaba wako, mwende naye nyumbani kwa huyo mama. Usihubiri. Mwombe msamaha, na ukiwa na uwezo wa kumsaidia karo hata kidogo, msaidie. Akikufokea, mwache afoke. Ana haki yake. Zamu yako ya kufagia, ifanye mwenyewe, saa hiyo hiyo wanayopita.

Kuhusu hazina, waombe akina mama wakupe miezi michache. Wakirudi kukuuliza tena, kubali, ila waambie tangu siku ya kwanza kwamba pesa zitahesabiwa na watu wawili, na daftari litasomwa mbele ya wote kila mwezi.