Mmiliki na Mtunzaji: Umiliki na Ruhusa za Faili katika Furushi la Masimulizi ya Abagusii

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo mara nyingi huwa ndani ya tarakilishi. Makala haya yanalenga kueleza jinsi umiliki na ruhusa za faili zinavyohifadhiwa na kubadilika zinapofungwa katika furushi moja, na kwa nini mkusanyaji wa fasihi simulizi katika kaunti za Kisii na Nyamira anapaswa kulielewa jambo hili.

Dhana za Msingi

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila faili ina mmiliki, kikundi, na ruhusa za watu wa aina tatu: mmiliki, wanakikundi na wengineo. Ruhusa ya kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2 na kutekeleza 1, kisha tarakimu hizo hujumlishwa. Faili yenye 640 husomwa na kuandikwa na mmiliki, husomwa tu na wanakikundi, na wengineo hawaigusi. Ikiwa 644, yeyote anayeweza kuifikia folda yake ataisoma.

Programu ya tar, iliyotolewa na toleo la saba la Unix mwaka 1979, hukusanya faili nyingi kuwa furushi moja. Maktaba za programu, ambazo si nyumba za vitabu bali ni mikusanyo ya msimbo ulio tayari kutumiwa, hufanya kazi iyo hiyo. Mfano ni tarfile ya lugha ya Python. Furushi huandikwa ruhusa za kila faili pamoja na majina na nambari za mmiliki na kikundi.

Tatizo la Kuhamisha

Tuchukulie kwamba mwanafunzi amerekodi ngano na nyimbo za Ekegusii huko Nyamira, na katika tarakilishi yake nambari yake ni 1001. Furushi lake linafunguliwa Kisii na msimamizi mkuu wa mfumo. Maktaba hutafuta kwanza jina la mmiliki; lisipopatikana, hufuata nambari. Ikiwa 1001 ya Kisii ni ya mtu mwingine, mtu huyo ndiye anayemilikishwa masimulizi asiyoyajua, na anaweza kuyabadilisha au kuyafuta. Akilifungua mtumiaji wa kawaida, faili zote huwa zake yeye.

Kwa sababu ya hatari kama hizi, Python 3.12 ya mwaka 2023 ilikuja na kichujio kiitwacho data, nacho kikawa cha kawaida katika toleo la 3.14 la mwaka 2025. Kichujio hiki hupuuza umiliki ulioandikwa furushini, huwaondolea wanakikundi na wengineo ruhusa ya kuandika, na hukataa faili inayotaka kutua nje ya folda iliyokusudiwa. Hata hivyo, hakiondoi ruhusa ya kusoma: iliyofungwa ikiwa 644 itabaki 644.

Utaratibu Unaofaa

Kwanza, mkusanyaji aweke ruhusa zifaazo kabla ya kufunga. Pili, furushi lifunguliwe ndani ya folda yenye 700, ambayo mmiliki wake pekee huingia. Tatu, mmiliki na kikundi wateuliwe kwa makusudi, ndipo folda ifunguliwe kwa wanaostahili. Zaidi ya hayo, ikumbukwe kwamba ruhusa hazilifichi furushi lenyewe. Aliye na nakala yake ataifungua katika tarakilishi yake na kusoma yote. Masimulizi ya siri yahitaji kufumbwa kwa nywila.

Mmiliki ni Nani?

Hapa ndipo istilahi inapodai uangalifu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na semi za kitamaduni huitambua jamii kuwa mwenye mali hiyo, na huzipa serikali za kaunti jukumu la kuisajili. Kwa hiyo, mmiliki wa faili si mwenye ngano. Mzee aliyesimulia na jamii yake hawamo katika nambari yoyote ya mfumo. Ingefaa mmiliki wa faili aitwe mtunzaji, na kila furushi liwe na faili ya maelezo inayotaja msimulizi, mahali, tarehe na masharti ya idhini yake.

Hitimisho

Imebainika kwamba tarakilishi hulinda faili kwa kadiri ya ruhusa ilizoandikiwa tu. Idhini ya msimulizi hulindwa na mkusanyaji mwenyewe, kabla furushi halijafungwa.