Jina la Irene

Irene ni jina la wasichana wengi. Jina hilo limetoka wapi?

Zamani, kabla ya Yesu kuzaliwa, Wagiriki waliabudu miungu mingi. Mmoja wao alikuwa mwanamke, jina lake Irene, maana yake Amani. Katika mji wa Athene walisimamisha sanamu yake, amebeba mtoto aitwaye Utajiri. Kwa nini? Vita huharibu mashamba; penye amani watu hulima na kuvuna.

Wakristo waliiacha miungu ile. Lakini neno amani ni jema, hawakulitupa: waliwapa binti zao.

Mwaka 303 Kaisari Diocletianus aliamuru Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Katika mji wa Tesalonike msichana Mkristo, Irene, aliyaficha. Mwaka 304 alikamatwa. Hakumkana Kristo, akauawa. Kanisa linamheshimu kama shahidi.

Jina jema hupewa mtoto bure, lakini matendo mema ni kazi yake mwenyewe. Irene akipenda ugomvi, jina lake litamshitaki.

Maulizo
1. Irene maana yake nini?
2. Kwa nini Amani alibeba Utajiri?
3. Irene wa Tesalonike alificha nini?