SOMO: SANDUKU LA YEHOYADA NA GHALA LETU

Soma: 2 Wafalme 12:4–15

Mwezi Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, ukazamisha mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Chakula cha msaada kililetwa, kikaliwa, kikaisha. Lakini Mrufiji hainui dungu lake maji yakiwa yamekwisha kufika. Vivyo hivyo ghala la kudumu la kuokoa mavuno ya ziada lijengwe wakati wa neema, mahali pa juu.

Fedha zitapatikanaje? Hata mwaka wa 23 wa Mfalme Yehoashi sadaka zilikuwa zikitolewa, ila nyumba ya Bwana ilikuwa bado mbovu. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu. Mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja, zikawalipa maseremala na waashi. Watu hawakuwa wachoyo. Palikosekana njia iliyo wazi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Fedha za ghala zitahesabiwa na nani, mbele ya nani?
2. Wewe utatoa nini: shilingi, debe la mpunga, au siku ya kazi?