Antena na Milingoti ya Redio ya Ridhaa: Mwongozo kwa Mafundi wa Mwambao wa Tanga

Mwongozo huu unamhusu fundi anayepandisha na kutunza antena za redio ya ridhaa katika ukanda wa bahari kutoka Moa hadi Pangani, pamoja na mwenye kituo anayemlipa. Katika ukanda huu adui mkuu ni chumvi. Mlingoti uliosimikwa Muheza mjini unaweza kukaa miaka bila kuguswa. Wa aina hiyohiyo ukisimikwa Raskazone, mbele ya bahari, utaota kutu mapema zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mlingoti uwe na urefu gani, fundi aulize utashushwaje. Mlingoti wenye bawaba kwenye kitako, unaolazwa na watu watatu kwa kapi na kamba, utakaguliwa. Usioshushika utakaguliwa siku utakapoanguka.

Vibali

Mwenye kituo awe na leseni ya redio ya ridhaa iliyotolewa na TCRA, yenye alama ya wito inayoanza na 5H. Halmashauri iulizwe kuhusu kibali cha ujenzi. Mlingoti ulio karibu na kiwanja cha ndege cha Tanga au cha Mashado, Pangani, uombewe kibali cha urefu TCAA. Fundi asichimbe shimo kabla hajaziona karatasi hizo kwa macho yake. Anayeajiri vibarua akumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha yeye, hata kama kazi ni ya nusu siku.

Urefu unaohitajika

Wateja wengi hutaka mnara kwa sababu mnara unaonekana. Ni vyema kuwapunguzia gharama. Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Moshi zote zimo ndani ya kilomita 300 kutoka Tanga. Kwa masafa hayo, mchana, antena ya waya ya megahezi 7 iliyotundikwa mita 6 au 7 tu juu ya ardhi hurusha mawimbi karibu wima, nayo hurudi chini na kuufunika mkoa na majirani zake. Mlingoti mrefu una maana kwa anayetafuta Ulaya au Asia, au anayetumia megahezi 144, ambako antena zinatakiwa zikaribie kuonana.

Urefu wa waya hupatikana kwa kugawanya 143 kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1 ni takriban mita 20, yaani mita 10 kila upande. Kata waya mrefu kidogo kuliko hesabu, kisha punguza kwa kufuata kipimo cha SWR.

Mahali

Waya za TANESCO za kilovolti 11 na 33 hupita uchi mitaani. Mlingoti usimame mbali nazo kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wake wote, ili hata ukianguka usizifikie. Sharti hili halina mjadala.

Mvinje ni nguzo nzuri ya kutundikia waya. Mnazi unafaa kwa tahadhari: unayumba, hivyo ncha ya waya ipitishwe kwenye kapi na kufungwa uzito unaopanda na kushuka, la sivyo waya utakatika kusi ikivuma. Mnazi unaogemwa usitumike kabisa. Ncha za antena hubeba volti nyingi redio inaporusha, na mgema hapigi hodi.

Msingi na vyuma

Zege lisichanganywe kwa mchanga wa ufukweni wala maji ya kisima yenye chumvi, kwani chumvi huila nondo kutoka ndani. Kila bomba liachwe tundu chini la kutolea maji.

Vyuma viwe vimechovywa zinki ya moto. Rangi ya fedha iliyopakwa kwa brashi si kinga. Bolti na nati ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, zikipakwa grisi ili siku ya kufungua zifunguke. Shaba isigusane moja kwa moja na alumini wala na chuma chenye zinki. Ikilowa maji ya chumvi, huvila vyote viwili; iwekwe washa ya chuma cha pua katikati.

Plagi za nje ndizo huharibika kwanza. Zizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha, juu yake utepe wa kawaida, na kebo ipindwe kitanzi chini ya plagi ili maji yadondoke. Silikoni inayonuka siki isitumike, kwa kuwa asidi yake hula shaba.

Stei na kamba

Stei ziwe tatu kwa kila ngazi, zikigawana duara sawasawa, na nanga zake ziwe mbali na kitako kwa asilimia 60 hadi 80 ya urefu wa mlingoti. Kila ncha ifungwe klampu tatu, kiti cha klampu kikikalia waya mrefu unaobeba mzigo, na kipande cha U kikibana ncha fupi. Kosa la kugeuza klampu ni la kawaida mno, na halionekani kutoka chini.

Kamba ya katani inamjia fundi wa Tanga mkononi yenyewe. Zao hili limo mkoani tangu 1893. Itumike kuvutia vifaa siku ya kazi, kisha irudi stoo. Ikiachwa nje hujikaza inapolowa, hulegea inapokauka, na huoza kwenye fundo. Kamba ya kudumu iwe ya poliesta.

Radi

Mwamba wa matumbawe haupitishi umeme vizuri, na fimbo ya ethi haipenyi. Badala ya kuipiga nyundo hadi ipinde, chimba mitaro inayotoka kwenye kitako na ulaze ndani utepe wa shaba, kuelekea penye udongo wenye unyevu. Lengo ni omu 10 au chini. Ethi hii iunganishwe na ethi ya nyumba. Mawingu yakikusanyika, kebo ichomolewe. Kuzima redio hakutoshi.

Kupanda na kukagua

Pale ambapo lazima kupanda, fundi avae mkanda wa mwili mzima wenye kamba mbili, moja ikiwa imeshika wakati wote. Mkanda wa kiuno peke yake usitumike. Kazi ifanywe asubuhi, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu, redio ikiwa imechomolewa na ufunguo wa chumba uko mfukoni mwa anayepanda.

Ukaguzi mkubwa ufanyike mara mbili: mwisho wa kaskazi, kabla ya masika ya Machi, na tena Septemba kabla ya vuli. Wa Machi ndio mzito. Miezi ya kiangazi huacha chumvi kwenye vihami bila mvua ya kuiosha, hivyo vifutwe kwa maji baridi. Viota vya kunguru viondolewe, maana ndege hao hujengea vipande vya waya ambavyo huunganisha visivyotakiwa kuungana. SWR ya siku ya kwanza iandikwe kwenye daftari la kituo, na kila ukaguzi ulinganishwe nayo. Ikipanda kutoka 1.3 hadi 2, fungua plagi ya nje kabla ya kuigusa redio.