SOMO LA 12: USHAURI WA MUUGUZI

Mwaka 1973 Watanzania wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya redio. Kampeni ile iliitwa Mtu ni Afya. Walijifunza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Leo tunalo adui mwingine, naye huja kimya: shinikizo la damu.

Tuseme unaishi Tabata, Dar es Salaam. Unashona nguo kutwa nzima, umekaa. Huumwi popote. Umempeleka mtoto zahanati. Muuguzi anakupima na wewe. Anaona 160 kwa 100. Anakuambia urudi upimwe tena. Vipimo vikifika 140 kwa 90 au zaidi siku mbalimbali, unao ugonjwa huo.

Muuguzi mwema hakugombezi. Anakuuliza, "Mama, mboga unatia chumvi kiasi gani? Unatembea?" Halafu mnapatana mtaanza na lipi:

1. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku isifike kijiko cha chai. Usiongeze mezani.
2. Tembea upesi nusu saa, siku tano kwa wiki.
3. Acha sigara. Punguza pombe.
4. Ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa unajiona mzima. Ukiiacha, mshipa wa kichwani waweza kuziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi.

Rudi siku uliyopangiwa.

MASWALI
1. Kwa nini mtu asiyeumwa apimwe?
2. Wewe utaanza na jambo gani?